Matusi ya Théodore Msibani

Théodore Kalenga alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe mpaka siku sauti zilipoanza kumwita kutoka ndani ya mwamba. Alilazwa hospitali, akapewa vidonge, akarudi mtaa wa Kikula kwa mkewe, Marceline. Mwaka ule wa 1970 daktari wake alinituma mimi, mtumishi wa ustawi wa jamii, kijana wa mbali Bukavu niliyetoka chuo kikuu nikiapa kwamba hakuna mtu wa kutupwa, nikaangalie kama anaweza kuishi na watu. Nikisema hawezi, atapelekwa Lubumbashi kufungiwa na wagonjwa wa akili.

Mwanzoni nilifurahi. Théodore alioga, alisalimia, alikwenda sokoni kununua unga. Kisha jirani yao Adolphe akafiwa na mama, tukaenda msibani.

Wanaume walikuwa wamekaa mikekani. Théodore aliingia akamvuta Adolphe mkeka chini ya matako.

"Simama, mwizi weye! Mulimuua mama na njaa, sasa munalia machozi ya pilipili!"

Akakaa mlangoni. "Maiti haitoki mpaka munipe kuku!"

Niliruka nimtoe nje, huku nikiwaomba wafiwa radhi. Marceline akanishika shati.

"Monsieur, acha! Iko mutani wao. Bale ni ukoo wa Mbuzi, ye ni wa Chui. Asipotukana, nani atazika?"

Nikatazama. Adolphe, aliyelia tangu asubuhi, alikuwa anacheka huku kamasi zikimtoka.

"Mupeni kuku huyu fisi!" alisema.

Nikafurahi tena. Huyu ndiye wa kufungiwa? Lakini Théodore alilisogelea jeneza, akainamisha sikio, akangoja. Alingoja sana. Akatikisa kichwa.

"Anasema kuku ni kadogo."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Marceline hakucheka.

"Hiyo nayo ni utani?" nilimnong'oneza.

"Minye siyui, Monsieur. Hata zamani, mbele ya ugonjwa, alikuwa anasemeshaka wafu hivi hivi."

Alichimba kaburi mpaka mwisho, akatukana mpaka mwisho.

Niliporudi hospitali daktari aliniuliza, "Bado anasikia sauti?"

"Sijui. Ila bila yeye Adolphe asingemzika mama yake."

"Sikukuuliza hilo."

"Ndilo ulilonituma, Docteur!" Nilikuwa nimepaza sauti.

Alinitazama, akavua miwani. "Abaki nyumbani kwanza. Rudi ukamwangalie tena."

Nikarudi Kikula kwa miguu, bila kujua safari hii nikaangalie nini.