Namba ya Anayebaki

Wiki ile milio ya bunduki ilipoanza upande wa Bilpam, makao makuu ya jeshi hapa mjini kwetu, nilikwenda kaunta ya kampuni ya mabasi kumkatia mke wangu na mtoto tiketi za Kampala. Mhudumu, dada Mganda, akaniomba namba ya simu. Nikampa ya mke wangu. Akaikata kwa kalamu.

"Mimi nataka ya mwenye kubaki."

Nikang'aka: kwani msafiri ni nani hapa? Hata hivyo nikampa yangu.

Kesho yake akanipigia. "Mzee, basi imevuka mpaka wa Nimule, imeingia kwetu. Madam amekunywa chai, mtoto analala. Sasa na wewe kula."

Alijuaje kwamba sijala? Watu wa kaunta nimewasema sana katika safu hii ya gazeti. Leo nayafuta yote, nikiwa nimeshiba.