Beberu Aliyerudi na Dhambi za Ijumbi

Kaijage, katekista wa Ijumbi, akianza kuhubiri ndizi huiva mgombani. Lakini Kwaresima hii aliona maneno hayatoshi. Akaleta beberu wake kanisani.

"Makuhani wa kale," aliwaambia, "walimwekea mbuzi mikono kichwani, wakamtwika dhambi za watu, akapelekwa jangwani. Alikuwa mfano tu wa Kristo, aliyezibeba zetu mara moja. Haya waitu, ndugu zangu, wekeni mikono muone!"

Wakapanga foleni kama ya mbolea ya ruzuku, kila mtu akinong'ona lake. Wa mwisho alikuwa Kaijage mwenyewe. Lake lilikuwa zito: mwezi uliopita aling'oa mimea ya mulamula, ile ya kutenga kibanja na kibanja, akaipanda hatua nne ndani ya shamba la Kokuberwa, mjane wa kaka yake.

Kisha beberu akafukuzwa kwenda jangwani. Sasa Ijumbi jangwa liko wapi? Ni migomba mpaka barabarani, na barabara inakwenda Muleba.

Siku ya tatu, asubuhi, Kaijage alifungua mlango akamkuta uani, anacheua.

"Si beberu wako huyo?" mkewe Klaudia akauliza.

"Amerudi nazo."

"Nazo nini?"

Kaijage alimtupia beberu jiwe, likaupata mgomba. Beberu akajiondokea taratibu hadi mpakani, akaanza kujikuna shingo kwenye mulamula. Mmea ukalala chini. Akahamia wa pili. Nao chali. Jasho lilimtoka Kaijage kama yuko motoni tayari. Aliogopa jehanamu, aliogopa kuvuliwa ukatekista. Lakini zaidi ya yote alimwogopa mwanamke aliyekuwa anakuja na jembe begani.

"Shemeji," Kokuberwa alisema, "mbona mulamula wa mababu hauna mizizi?"

"Ni... ni beberu huyu..."

"Beberu ni mfano tu, ulifundisha mwenyewe. Nakuuliza wewe."

Beberu akauendea wa tatu.

"Nilisogeza mimi," akasema hatimaye. "Nisamehe, shemeji. Nilimwambia mbuzi."

"Mbuzi ndiye uliyemwibia?"

Akamkabidhi jembe.

"Hatua nne. Nilizihesabu siku ileile, nikakaa kungoja utaniambia lini."

Kaijage akachimba, mgongo umeinama, bila kuthubutu kuinua macho. Beberu alisimama karibu, akicheua.