Siku Tuliyoizunguka Washington na Keki

Kiangazi kile tulikuwa watatu, wote wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, na tulikuwa tumekwenda Marekani kufanya kazi miezi yote ya likizo. Mimi ni Mnyaturu wa Singida na nilikuwa nasoma jiografia, jambo ambalo wenzangu walinikumbusha mara nyingi baada ya siku hii ninayoisimulia. Nilikuwa na rafiki yangu wa chumba kimoja bwenini, binti wa Tanga, ambaye akicheka ghorofa nzima inajua. Wa tatu alikuwa kijana wa Kihaya aliyesomea uhandisi. Yeye alikuwa na leseni ya udereva ya kimataifa, na hakupita siku bila kuitaja.

Tulifanya kazi Landover, kando ya jiji la Washington, kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa ya moto, tukayakunja wawili wawili, kila mmoja ameshika pembe zake, tunasogeleana, tunarudi nyuma, tunasogeleana tena. Tuliifanya kazi hiyo kutwa nzima, siku tano kwa wiki. Jioni binti wa Tanga alinusa viganja vyake akasema, "Jamani, mie nanuka sabuni mpaka rohoni. Nipelekeni baharini hata nusu siku."

Bahari ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari, na gari hatukuwa nalo.

Aliyekuwa nalo ni mwenye nyumba wetu, mama wa Kikenya kutoka Meru, rika la mama zetu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wakongwe katika makao ya wazee. Sisi wasichana alitupa chumba cha chini ya nyumba, na Mhaya akapewa kochi la sebuleni. Tulimwita Anti. Alitucheka kila tulipofungua mdomo. "Nyinyi Watanzania mnaongea kama taarifa ya habari," alisema. "Mtu hawezi kuomba chumvi bila kusema 'naomba tafadhali unisaidie'?" Siku zake za mapumziko alizitumia kuoka keki za sherehe za Wakenya wenzake, na keki zake zilijulikana mpaka ng'ambo ya mto, Virginia.

Ijumaa moja jioni aliitwa kazini kwa zamu ya Jumamosi ambayo hakuitarajia. Kulikuwa na keki tayari mezani, ya mama mmoja wa Rockville, mji wa upande wetu wa mto, aliyekuwa amehitimu uuguzi. Ilikuwa na umbo la kofia ya nesi, nyeupe pee, imesimama wima, na msalaba mdogo mwekundu mbele. Anti aliitazama keki, kisha akatutazama sisi.

"Sikizeni," alisema. "Mimi nitapewa lift na mwenzangu wa kazi. Nyinyi mchukue gari. Mpeleke hii keki Rockville kabla ya saa sita. Mkishaipeana, gari ni yenu mpaka usiku. Muende hiyo bahari yenu."

Binti wa Tanga alimrukia shingoni. Anti akamtoa taratibu, akanigeukia mimi kwa kuwa ndimi niliyeshika ramani. "Mkiingia Beltway, mshike ile ya nje. Umeskia? Ya nje. Mkiharibu hii keki, msirudi kwa hii nyumba."

Beltway ni barabara kuu inayolizunguka jiji la Washington lote, duara kamili. Magari yanayokwenda upande mmoja yanaitwa ya ndani, na yanayokwenda upande wa pili ya nje. Hilo nimelielewa baadaye. Asubuhi ile nilifungua ramani mapajani, nikaona kuwa tuko ndani kidogo ya duara na Rockville iko nje yake, nikajiambia kwamba "ya nje" bila shaka ni ile ya kwanza tutakayoikuta tukitoka kwenda nje. Mhaya, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye kuendesha upande wa kulia, aliuliza, "Hapa?" Nikajibu kwa sauti ya msomi, "Hapa hapa."

Tulienda vizuri sana. Madirisha tulikuwa tumeyafungua yote, maana kipoza hewa cha gari lile kilikuwa kimekufa siku nyingi. Binti wa Tanga alikaa nyuma, sanduku la keki mapajani, anaimba. Baada ya muda alinyamaza, akauliza, "Rockville kuna mto mkubwa?"

Mbele yetu kulikuwa na mto mkubwa kuliko mto wowote niliokuwa nimeuona, na daraja refu juu yake. Kabla hatujalifikia, magari yote yalisimama. Watu walizima injini, wakatoka, wakaegemea milango. Katikati ya mto, daraja lilikuwa linafunguka, vipande viwili vya barabara vinanyanyuka angani polepole, ili boti moja yenye mlingoti ipite.

"Barabara inasimama!" Mhaya alisema kwa furaha ya mhandisi, akatoka nje kuitazama vizuri. Mimi nilikuwa natazama ramani. Nilisoma jina la mto, nikalisoma tena. Tulikuwa tunaingia Virginia.

Nikawaambia.

"Wewe si unasoma jiografia?" binti wa Tanga aliuliza.

"Nasoma."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

"Ah," alisema, kama daktari aliyekwisha kuona ugonjwa ulipo.

Mhaya ndiye aliyetutuliza. "Ni duara," alisema. "Duara halina kupotea. Tukiendelea tu, tutafika." Na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyejua jinsi ya kugeuza gari kwenye barabara ile, tuliendelea. Daraja lilikuwa limetuchelewesha sana, jua likawa kali, na krimu ya keki ile ilikuwa ya siagi tupu. Kila baada ya dakika chache binti wa Tanga alifunua sanduku na kutoa taarifa. "Inatoka jasho." Baadaye, "Imeanza kuinama." Halafu kwa sauti ndogo, "Msalaba umehama."

Tulitoka barabarani Annandale, kwenye duka dogo lenye maandishi ya Kikorea mlangoni. Mwenye duka alikuwa mzee aliyevaa aproni. Nilimweleza kwa Kiingereza kwamba tunatafuta Rockville. Aliitazama keki mikononi mwa binti wa Tanga, akatutazama sisi. Akaenda kwenye friza la aiskrimu, akaanza kutoa maboksi moja baada ya jingine na kuyapanga sakafuni, kisha akaipokea keki kwa mikono miwili na kuiweka ndani. Ndipo akachukua kipande cha karatasi ya risiti, akachora duara. Akaweka nukta, "Mlitoka hapa," na nukta nyingine, "Mnaenda hapa." Kidole chake kikapita njia fupi kutoka nukta hadi nukta, halafu kikarudi kupita njia ndefu, ndiyo yetu. Akacheka mpaka akashika kaunta, na sisi tukacheka naye, kwa kuwa hatukuwa na la kufanya.

Wakati keki inaganda nilipiga simu Rockville kwenye kibanda cha nje, kwa namba iliyoandikwa kwenye sanduku. Alipokea mtoto wa kike. Nilimweleza kwa Kiswahili kwamba sisi ndio wenye keki, na tumechelewa kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa Kiingereza kwamba ameelewa, kisha nikamsikia akipiga kelele ndani ya nyumba, kwa Kiingereza vilevile, kwamba watu wa keki wako Virginia. Nyuma yake kikazuka kicheko cha watu wengi sana.

Tulifika saa nane kasoro. Nyama ilikuwa inachomwa uani, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, na wote waligeuka kututazama. Binti wa Tanga aliiweka keki mezani kama mtu anayeweka mgonjwa kitandani, akafunua. Friza lilikuwa limeisaidia, lakini lilikuwa limeigandisha ikiwa imeshalala upande. Kofia ilikuwa imebonyea juu na kujikunja pembeni, na msalaba ulikuwa karibu na sikio, kama kofia ingekuwa na sikio. Nilianza kuomba radhi kwa lugha ile ile ya taarifa ya habari.

Mama aliyehitimu alinyanyua mkono kunizuia. Alikuwa mtu mrefu, amevaa kitenge kipya. Aliizunguka meza mara moja, akiitazama keki kutoka kila upande.

"Hii ndiyo kofia yenyewe," alisema. "Hivi ndivyo inakaa ukimaliza zamu ya masaa kumi na sita. Mtu asiiguse! Leteni kamera kwanza."

Tulipigwa picha na keki. Tukapewa sahani, na bahari ikasahaulika. Mhaya aliwaeleza wanaume wote jinsi daraja linavyonyanyuka, kwa mikono, mara tatu. Binti wa Tanga aliwafundisha wasichana waliozaliwa kule kucheza chakacha, wakaifuata vizuri huku wakiulizana kwa Kiingereza.

Jioni Anti aliingia, ameletwa na mwenzake moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare yake. Mezani kulikuwa kumebaki robo ya keki. Aliinama akaikagua.

"Nani alikuwa na ramani?"

Marafiki zangu walitazama sahani zao. Nikanyoosha kidole.

Anti alikata kipande, akala chote, akafuta midomo. "Jumamosi ijayo niko na keki ya jirani hapo Landover," alisema. "Hiyo utabeba kwa miguu."

Kweli niliibeba kwa miguu, na ilifika imesimama.

Wiki iliyofuata Anti alichukua siku ya mapumziko akatupeleka baharini mwenyewe. Njiani ndipo aliposema, bila kutugeukia, kwamba alikuwa ameishi Marekani miaka sita na hajawahi kuiona bahari ya kule. Kila mara palikuwa na zamu. Tulipofika, binti wa Tanga alikimbilia majini na nguo zake, akatoka mbio akipiga mayowe kwamba yamemuuma kwa baridi, akarudi tena. Mhaya aliingia hadi magotini akasema panatosha. Anti alivua viatu vyake vyeupe vya kazini, akasimama pale maji yanapoishia, akayaacha yampite miguuni mara kadhaa. Halafu akarudi, akajilaza kwenye taulo, na kabla hatujafungua chakula alikuwa amelala fofofo.

Hatukumwamsha. Jua lilikuwa linasogea na mwavuli ulikuwa mmoja, kwa hiyo tulipeana zamu: kila kivuli kilipomwacha, mmoja wetu alikatiza kuogelea, akaja kuusogeza kidogo.