Mgeni Hakosolewi

Msimamizi wangu chuoni alinyoosha kidole kwenye tasnifu yangu, akasema kwa ule upole wa Kiswidi unaokera kuliko matusi: "Sentensi hii haipo duniani." Kesho yake mchana nilitakiwa kuitetea mbele ya watu. Nikianguka, basi, nafasi ya kusomea uzamivu imeota mbawa.

Nilikuwa nimeandika juu ya Kitagalogi cha Ufilipino. Chukua jambo dogo: mwanamke kamnunulia mtoto samaki sokoni. Kitenzi chao hubadilika kumfuata yule unayetaka msikilizaji amtazame, awe mwanamke, samaki, soko au mtoto. Raha tupu! Sentensi nilizitunga mwenyewe, na jirani yangu hapa Farsta, Uswidi, mama wa Kifilipino ninayeimba naye kwaya, alizisikiliza na kusema kila mara, "Nzuri."

Nikamwendea mbio. Nikavua viatu mlangoni, akaniwekea wali na samaki. Nikala, kisha nikamsomea ile sentensi.

"Mama, hii ni sawa?"

"Nzuri."

Nikaivuruga makusudi, maneno shaghalabaghala. "Na hii?"

Akatabasamu. "Nzuri pia."

Damu ikanichemka. "Mama, utaniua! Kesho nasimama mbele ya watu. Nikosoe!"

"Umekula kwangu," akasema, akiitazama sahani. "Mgeni hakosolewi."

Nikanywea. Nilimkumbuka mama yangu, Tanga. Mswidi mmoja alituharibia Kiswahili sebuleni jioni nzima, naye mama akamwambia, "Mwanangu, unakijua kutushinda!" Kumbe kilichokuwa kikinimaliza ni adabu ileile iliyonilea.

Lakini kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami kwa mama huyu nilishakula mara ngapi sijui, sijaosha hata kijiko. Nikainuka, nikakunja mikono ya sweta, nikashika dodoki. Akapinga. Nikaendelea kusugua. Akaja nyuma yangu, akachungulia begani:

"Sufuria hiyo haioshwi hivyo."

"Enhe?"

"Na ile sentensi ya soko ni mbovu. Ya mtoto mbovu zaidi. Nani anasema hivyo?"

Alizibomoa karibu zote, na hoja yangu kuu ikaenda nazo. Nikalia waziwazi, povu mikononi. Akafunga bomba, akavuta kiti, akanipa taulo.

"Kaa, tuanze upya," akasema. "Mgeni akiaibika kesho, nitamsikitikia tu. Mwanangu haaibiki."