Mkono Uliokuwa wa Wifi

Saa tatu na robo asubuhi, fundi anautafuta mkono wake wa kushoto. Haujaenda mbali. Umelala juu ya meza ya cherehani, kando ya mkasi, umetulia kama haumjui mtu.

Anageuza shingo, anautazama, na mkono unaamka. Vidole vinashika ukingo wa kola ya shati la shule. Mguu unakanyaga pedali, sindano inakwenda. Akiinua macho kidogo tu kutazama saa ukutani, vidole vinalegea na kitambaa kinapinda.

"Rudi kazini, we mvivu," anauambia.

Mafundi wenzake saba wanajifanya hawasikii. Siku nyingine wangecheka. Leo wote wanajua kola hii ni mtihani.

Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye karakana hii. Miezi sita iliyopita alipata kiharusi akiwa anapiga pasi. Msimamizi wa karakana akakataza mtu mwingine kuikalia mashine yake. Lakini sasa shule zinakaribia kufunguliwa na mashati mia nne yanasubiri. Asipoweza kola, mashine anapewa fundi mwingine, na yeye mwenyewe anahamia meza ya vifungo.

"Vifungo ni kazi, sikatai," anasema. "Ila mimi ni fundi wa kola. Ukinitoa kwenye kola umeniacha na nini?"

Nguvu za mkono zilianza kurudi mapema. Kilichogoma kurudi ni mwenyewe kuujua kuwa ni wake. Siku ya tatu hospitalini alimwita muuguzi na kulalamika kwamba wifi yake amejibana naye kitanda kimoja, na mkono wake amemlazia tumboni.

Wifi akaitwa. Akaja mbio, akanyoosha mikono yake mbele ya mgonjwa.

"Hesabu, wifi. Miwili. Sijasahau kitu hapa."

Mgonjwa akaitazama. "Kwani wewe lini ulitosheka na miwili?"

"Nilicheka mpaka nikashika ukuta," wifi anakumbuka. "Halafu nikatoka nje nikalia."

Daktari aliyemtibu anasema hali hiyo inajulikana, ingawa haitokei mara nyingi. Kiharusi kilipiga upande wa kulia wa ubongo, mahali panapousaidia mwili kujitambua.

"Tunadhani kujua kwamba mkono ni wako hakuhitaji kazi," anasema. "Ubongo unaifanya kazi hiyo kutwa kucha bila kutuambia. Ukiacha ndipo tunashtuka. Si wazimu, na kumbishia mgonjwa hakusaidii."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakubishana. Alisikiliza sarufi. Mkono ni "huu", kila mtoto anajua. Mgonjwa wake alikuwa akisema "huyu". Huyu amechoka, mwacheni alale. Na alikuwa na adabu naye kupita kiasi: "Samahani dada, sogea kidogo."

"Mumewe alitaka kumsahihisha kila mara," anasema mtaalamu. "Nikamwambia, baba, hapa hatufundishi Kiswahili."

Wakaanza mazoezi ya nyumbani, dakika arobaini kila asubuhi. Mkono wa kulia unaushika wa kushoto, unaupaka mafuta, unaupitisha juu ya vipande vya kitambaa, kigumu, laini, chenye manyoya, macho yakiangalia. Wiki ya kumi, kikombe cha chai kikamponyoka.

"Mkono gani huu!" akafoka. "Huu mkono wangu hauna akili kabisa!"

Mumewe akaiacha chai itiririke mpaka mlangoni. "Sijawahi kufurahia matusi kama siku ile," anasema.

Mwenye mkono ana maelezo yake. "Mgeni unambembeleza. Nilipoanza kuugombeza, ujue ulishakuwa wangu."

Wake, ndiyo, ila kwa macho. Asipoutazama, unampotea. Ndiyo maana kola ya leo inamchukua dakika thelathini na nane. Zamani ilikuwa saba.

Anakata uzi. Msimamizi anaichukua, anaikunja katikati, analinganisha ncha.

"Imepinda."

"Naiona. Nipe wembe."

Anafumua yote, anaanza upya. Jasho linamtoka puani naye hapangusi, maana kupangusa ni kuangalia pembeni. Dakika thelathini na moja. Safari hii ncha zinalingana.

Msimamizi anaigeuza mara mbili, kisha mara ya tatu, kama anayetafuta kosa alilolipoteza.

"Haya, baki hapo hapo," anasema. "Kola nne kwa siku."

"Sita."

"Nne, mama! Usinipandishe presha."

"Tano. Na moja umeshaishika."

Msimamizi anaondoka akitikisa kichwa, na mafundi saba wanaachia kicheko walichokuwa wamekibana tangu asubuhi.

Fundi hacheki nao. Ameshavuta kitambaa kingine. Shule zikifunguliwa anataka awe amefika kola kumi kwa siku. Baada ya hapo ana mpango wa jambo moja.

"Siku nitakayogombana na mteja uso kwa uso huku mshono unakwenda," anasema, macho yakiwa chini kwenye vidole vyake, "hapo ndipo nitajua nimerudi mzima mzima."