Mwaka Wegesa Aliopanga Kwenda Nyangoto

Mwaka aliozaliwa Wegesa hakuna aliyeuandika. Mama yake alizoea kusema ni mwaka ule nzige walipomaliza wimbi wote shambani, basi watu wakakadiria kwamba amepita arobaini. Aliishi Nkende na mumewe Werema, mtu wa maneno machache aliyeongea zaidi na mibuni yake kuliko na watu. Walizaa watoto saba, wakalea watano. Wegesa alikuwa na kicheko kikubwa. Akicheka kisimani, waliokuwa barabarani waligeuka kutazama.

Mwisho wa mwaka sitini na tisa, redio ya ofisi ya TANU ilitangaza kwamba mwaka unaoingia ungekuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wiki ya kwanza ya Januari balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango, na Jumanne alasiri watu kumi na wanane wakajikuta wamekaa juu ya magunia matupu katika ghala la chama cha ushirika. Mwalimu wao alikuwa Adija, mke wa Swaleh, fundi cherehani wa Nyamisangura. Hakuwa amefika miaka thelathini. Aliingia na kipande cha chaki mkononi, akawatazama wanafunzi wake wenye mvi, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba!" ghala zima likaitika, kisha likacheka.

Adija aliwaambia kwamba kabla ya herufi yoyote, kila mtu ataje jambo moja analotaka kulitimiza mwaka huo. "Jambo lako mwenyewe. La serikali nitalisikia redioni. Nitaliandika ubaoni, na hilo ndilo utakalojifunzia kusoma na kuandika."

Mzee Nikolaus alikuwa wa kwanza. Alitaka asipakwe tena wino kwenye dole gumba; atie saini kama karani. Kezia, mjane jirani yake Wegesa, alisema amechoka kulala chini, anataka kitanda. Wakamcheka, lakini Adija akaandika bila kutabasamu: *Nitalala kitandani.*

Wegesa alikuwa amepanga kusema habari ya jiko jipya. Alipoinuka, kilichomtoka kilikuwa kingine.

"Nataka kwenda Nyangoto."

"Nyangoto ni safari ya kupangia mwaka?" Nikolaus akauliza. "Unatoka asubuhi, jioni umefika!"

"Kwa dada yangu," Wegesa akasema, akakaa.

Hapo kicheko kikakatika. Wenyeji wa Nkende walijua.

Miaka kumi na mmoja nyuma, mama yao alikuwa akiishi Nyangoto kwa Agustina, dada yake Wegesa, aliyeolewa huko. Alifariki katika mvua za masika. Siku hizo Wegesa alikuwa Musoma hospitalini, amemkumbatia binti yake wa miaka saba aliyekuwa akihangaika na homa ya uti wa mgongo. Ujumbe ulimfikia kwa kuchelewa. Alipofika Nyangoto, mtoto mgongoni, alikuta kaburi limekwisha fukiwa. Mbele ya wazee na majirani na wakwe, alimnyooshea dada yake kidole akasema, "Umemzika mama yangu kama ng'ombe aliyefia njiani."

 Agustina alikuwa na mimba kubwa, nguo zake zimejaa tope hadi kifuani. Aliingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo hapakuwa na salamu kati yao. Mtoto wa Agustina alizaliwa, Wegesa hakwenda. Binti wa Wegesa akapona, akakua, akaolewa, Agustina hakuja.

Sasa sentensi ilikuwa ubaoni: *Nitakwenda Nyangoto.* Wegesa aliinakili Jumanne na Alhamisi, kila wiki. Mwezi wa pili herufi zake zilikuwa zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mwezi wa nne zilisimama. Aliweza kuandika "nitakwenda" akiwa amefumba macho, na hakuwa amekwenda popote.

Machi alisema mvua. Juni alisema mavuno. Agosti alifunga ndizi kwenye kanga, akaaga, akatembea mpaka Nyamwaga, akakaa kando ya njia kwa muda mrefu, kisha akarudi. Alimwambia mumewe mguu umemuuma. Werema aliutazama mguu, akachemsha maji ya chumvi, akaleta beseni, akamkanda. Hakuuliza ni mguu upi ulioanza kuuma.

Wenzake walikuwa wakisonga mbele. Nikolaus alitia saini kwenye karatasi za chama, halafu akatia saini kwenye ukuta wa nyumba yake, na kwenye mpini wa jembe. Kezia akapata mbao, akaja darasani kutangaza kwamba usiku wa kwanza ameogopa kuanguka. Wegesa alicheka na wengine, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Siku moja ya Oktoba, wengine walipoondoka, Adija alibaki akifuta ubao. Aliacha mstari mmoja tu.

"Mama Wegesa, ukifika utasema nini?"

"Wapi?"

"Huko Nyangoto. Umeandika utakwenda. Hujaandika utasema nini."

 Mwaka mzima Wegesa alikuwa akifikiria njia: mto, mawe, kilima, ua wa dada yake. Katika mawazo yake safari iliishia mlangoni. Ndipo akaelewa kwamba si umbali uliokuwa ukimrudisha.

"Sijui," akasema. "Mwalimu, mimi nilisema neno baya sana."

Adija alimpa chaki. "Basi tuanzie hapo."

Hawakuandika kitu siku hiyo. Wegesa alishika tu ile chaki akasimulia, mpaka ikawa unga kiganjani.

Alikwenda katikati ya Novemba, siku ya kazi, bila kuaga mtu ila Werema. Alifika jua likiwa bado juu ya kilima. Agustina alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapepeta wimbi. Alikuwa amekonda. Nywele zilizochungulia kwenye kitambaa zilikuwa nyeupe, na Wegesa akashtuka kuona jinsi alivyofanana na mama yao.

"Shikamoo, dada."

Ungo uliendelea kupanda na kushuka. Makapi yakapeperuka. Shikamoo ile ikabaki hewani bila mwenyewe.

Wegesa aliweka mzigo chini. Palikuwa na ungo wa pili ukutani. Akauchukua, akakaa chini, akachota wimbi, akaanza kupepeta. Walifanya kazi hivyo kwa muda, bega kwa bega, kama walivyofundishwa na mwanamke mmoja: mitupo mitatu, kisha tikisa.

"Dada," Wegesa akasema hatimaye, macho kwenye nafaka, "lile neno nililokuambia siku ya mama. Lilikuwa neno la uongo na la ubaya. Nilikosa. Nilikosa mbele ya watu, na watu wote wale ningewakusanya leo wanisikie, lakini wengine wamekufa. Nimechelewa sana."

Agustina aliweka ungo magotini.

"Unajua mama alikaa siku ngapi kabla sijamzika?"

"Sijui."

"Wazee walitaka azikwe siku ileile. Nikakataa siku mbili. Nikasema mdogo wangu anakuja. Kaburi likachimbwa, mvua ikanyesha, kaburi likajaa maji. Wakasema tuzike. Nikachukua kibuyu, nikashuka mle ndani." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaeleza habari za shamba. "Nikachota maji, nikayamwaga juu. Yanajaa, nachota. Tangu asubuhi mpaka jua linazama, na tumbo langu lile. Wanaume wakanipandisha kwa nguvu, wakasema nitazikwa naye. Wakamzika usiku uleule. Wewe ukafika kesho yake, hata nguo sijabadili."

 Wegesa aliona tena lile tope la kifuani, ambalo kwa miaka kumi na mmoja alilikumbuka kama uchafu wa mtu asiyejali. Machozi yalimshuka yakadondokea wimbi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia? Ulikuja na mtoto nusu mfu mgongoni. Hata mimi nilimwona yule mtoto, nikajua huwezi kusikia." Agustina alichambua kokoto moja kwenye ungo. "Alipona?"

"Alipona. Ameolewa. Ana mtoto wa kike."

"Anaitwa nani, huyo mjukuu?"

"Agustina."

Dada yake alimtazama kwa mara ya kwanza. Akageukia pembeni, akajifuta uso kwa kiganja.

"Marahaba," akasema. Kisha, kwa ukali wa dada mkubwa, "Na usinilowanishie wimbi wangu."

Wegesa alikaa siku tatu. Walikwenda kupalilia kaburi, wakapika, wakabishana kuhusu chumvi, wakacheka hadi mume wa Agustina akaja kuuliza kuna nini. Siku ya nne Agustina alimfungia mzigo wa wimbi, akamsindikiza. Walipofika kijitoni, mahali pa kuagana, Agustina akaendelea kutembea. Walipofika kilimani Wegesa akasema, "Dada, umetoka mbali, nikurudishe kidogo." Akamrudisha mpaka kijitoni. Hapo Agustina akasema haiwezekani mgeni aondoke peke yake, akamsindikiza tena kilimani. Wachunga ng'ombe waliokuwa ng'ambo waliwaona wanawake wawili watu wazima wakipanda na kushuka njia ileile, wamebeba mzigo mmoja wa wimbi, kila mmoja ameshika ncha yake, na hakuna aliyekuwa tayari kuiachia.