Maombi ya Kumwagia Boti Maji

Boti ya mbao ikikaa nchi kavu inakufa. Mtoto yeyote aliyekulia ufukweni kwetu Katonga anajua kwamba mbao zikitolewa majini zikaachwa juani hunywea, maungio yakafunguka, pamba iliyoshindiliwa humo ikakauka na kudondoka, na siku ukiirudisha boti ziwani unazama nayo. Ndiyo maana nikikumbuka kwamba watu wazima wenye akili zetu tulikaa mahakamani kutwa kucha tukibishana kama boti zangu zinaruhusiwa kulowana, hasira hunipanda upya.

Nimechuuza dagaa tangu usichana wangu. Nilinunua kwa wenye boti, nikaanika, nikapeleka sokoni Mwanga, na siku zote mwenye boti ndiye aliyenipangia bei. Nilitaka siku moja mwenye boti niwe mimi. Basi mzee mmoja wa Kasingirima, anayenijua tangu nilipokuwa nambebea mama yangu beseni, alipochoka na uvuvi aliniuzia biashara yake nzima: boti mbili, wavu, taa na injini. Vijana wake wa kazi wakakubali kubaki nami. Nilitoa kila nilichokuwa nacho, na kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu kikaenda humo humo. Tuliandikishana mbele ya mashahidi, mzee akaniombea dua, tukala wali.

Haikupita wiki, wanawe wawili wakaja ufukweni, wakafungua injini, wakaondoka nayo. Eti karatasi inasema "biashara ya uvuvi na vifaa vyake", na injini si kifaa cha uvuvi, ni chombo cha usafiri. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikaenda kushtaki. Wao wakajibu kwamba mauzo yote ni batili na boti zirudi kwao. Mdaiwa kwenye karatasi alikuwa mzee, maana yeye ndiye aliyeuza, lakini waliokuwa wakisema ni wanawe na wakili waliyemwekea.

Siku ya kwanza wakili wangu aliomba boti zisiuzwe. Wakili wao akaomba nisizitumie. Hakimu akawaridhisha wote wawili: boti zikae ufukweni pale zilipo na kama zilivyo, asiziguse mtu mpaka shauri liishe. Nilitoka nje nikicheka. Nilidhani mwezi ukiingia gizani tena, dagaa wanapofuata taa, mimi nitakuwa nimeshashinda na vijana wangu wako ziwani.

Kumbe ndiyo kwanza tumefika mlangoni. Wakili wao alileta pingamizi kwamba katika hati yangu ya madai sikuonyesha mambo gani nayajua mwenyewe na yapi nimeambiwa. Tukarekebisha. Akaleta jingine, kwamba shauri hili si la mahakama ile. Mara wakili wangu yuko kwenye kesi nyingine, mara wa kwao anaumwa, mara hakimu yuko semina. Nikajifunza kwamba kesi kutajwa si kesi kusikilizwa. Inatajwa tu, kama marehemu anavyotajwa kwenye hitima, kisha watu wanakwenda zao.

"Mama, haraka haraka haina baraka," karani aliniambia siku moja nilipopandisha sauti.

"Na polepole hii yenu ina baraka gani?"

Akainamia mafaili yake.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Kila nilipopita Katonga nilizikuta boti zangu zimeegemea kwenye mchanga, nyufa zikipanuka. Mwanzo ungeingiza ukucha, baadaye kidole. Vijana wa kazi waliniaga mmoja mmoja wakaenda kwenye boti za watu wengine. Sikuwalaumu, maana tumbo halingoji tarehe. Mimi nikarudi kununua dagaa kwa wenye boti, kwa bei yao, na wengine hawakuficha kicheko.

Ziwa liko hapo hapo. Ukisimama kwenye boti ukitema mate yanaingia majini. Nikamwambia wakili wangu kwamba nakwenda kuzimwagia maji, basi. Alishtuka kweli kweli.

"Usithubutu, mama! Kumwagia maji ni kugusa. Watakushtaki kwa kudharau amri ya mahakama. Tupeleke maombi."

Yakaandikwa maombi ya kumwagia boti maji, na kiapo changu juu yake. Wakili wao akayapinga. Kwanza, tumetaja kifungu cha sheria kisicho chake. Pili, amri ilisema boti zibaki kama zilivyo, na maji yatabadilisha hali yake. Wakili wangu akasema jua ndilo linalobadilisha hali. Wakabishana vizuri, kwa heshima, kila mmoja akimwita mwenzake msomi. Mimi nimekaa kwenye benchi nataka kupiga yowe. Hakimu akaahirisha ili akaandike uamuzi.

Jioni moja katika kuungoja uamuzi huo nilimkuta mzee amesimama kando ya boti na ndoo ya maji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Hizi nilizisimamia mwenyewe zikijengwa, ubao kwa ubao. Nimeshateka maji ndipo nikakumbuka kwamba mdaiwa ni mimi."

"Yamwage, Mzee. Mimi sijaona kitu."

"Wewe hukuona. Wakili wako akisikia? Na wanangu je, wakisikia kwamba nimekusaidia?"

 Akarudi mpaka ukingoni na kuyamwaga yale maji ziwani, polepole, kisha akashika njia ya kwao. Nilikaa pale mchangani nikalia bila kujali nani ananiona. Tulikuwa muuzaji na mnunuzi tusio na ugomvi, na tuliogopa ndoo.

Uamuzi ulisomwa mvua ikinyesha. Bati lilipiga kelele hata hakimu akalazimika kupaza sauti. Pingamizi limetupwa, maombi yamekubaliwa: boti zimwagiwe maji, mradi kila upande ulete mtu wa kushuhudia. Wakili wangu alinipa mkono akitabasamu.

Nilishuka Katonga nikiwa nimelowa chapachapa. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye boti juu na kutoka chini, hayatui humo hata kidogo. Nikainama nikaweka kiganja chini ya ubao, kikajaa mara moja. Nikaenda boti ya pili, nayo vile vile. Fundi alikuja kuziangalia baadaye, akasema hizo sasa ni kuni.

Shauri lenyewe, la nani mwenye injini, bado halijaanza kusikilizwa. Wakili ananitia moyo kwamba tuna kesi nzuri sana na injini tutaipata. Labda tutaipata. Sina boti ya kuifungia.